Kutoka Gerezani hadi Kitonga na gari letu kuukuu

Simu yangu iliita Jumamosi saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimeisahau mezani. Mdogo wetu wa miaka 6 ndiye aliyeipokea. Alikuwa bibi yake, kutoka Iringa.

"Mama yako yuko wapi, mjukuu wangu?"

"Mama yuko Gerezani," mtoto akajibu, akakata simu na kurudi kwenye katuni zake.

Kwetu sisi wa Dar es Salaam, Gerezani ni kituo cha mwisho cha mwendokasi na mitaa ya spea za magari pembeni mwa Kariakoo. Kwa mama yangu, ambaye hana kazi na spea wala mwendokasi, gerezani ni gerezani. Niliporudi mchana nikakuta amempigia mume wangu mara saba, na shangazi wawili walishaanza kuchangishana nauli ya kuja kunitolea dhamana.

Nilikuwa nimekwenda kununua thamostati.

Mzazi mwenzangu, kama na wewe unabeba watoto kwenye gari lililotumika miaka mingi, huenda hadithi hii ikakufaa kabla ya safari ya likizo.

Jioni ya Kitonga

Desemba ya mwaka uliotangulia tulikuwa njiani kwenda Iringa, watu wanne na mizigo ya Krismasi ndani ya Corolla 110 ya mwaka 1998. Ni gari namba B, lilishuka bandarini likiwa limeshatumika Japani, na limekuwa nasi tangu kabla mkubwa wetu hajazaliwa. Sasa ana miaka 11.

Kutoka Dar hadi Iringa ni karibu kilomita 500. Tulipita Chalinze na Morogoro, tukakatiza Hifadhi ya Mikumi watoto wakihesabu twiga na swala, tukaingia kwenye bonde la mibuyu linalofuata Mto Ruaha. Jua la mchana kule halina huruma. Pale Ruaha Mbuyuni tulisimama kununua vitunguu, na hakuna aliyefikiria kufungua boneti.

Baada ya hapo ni Kitonga. Aliyewahi kupanda pale hahitaji kuelezwa. Kwa ambaye hajapita: barabara inapanda mlima kwa kona kali, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa miguu, na yale yanayoteremka yanakuja na harufu ya breki zilizoungua. Sehemu za kusimama pembeni ni chache.

Tulikuwa nyuma ya lori la mafuta, gia ya pili, AC imewashwa kwa sababu watoto walilalamika joto. Mshale wa joto ulipanda taratibu na hakuna aliyekuwa akiuangalia. Nilipouona ulikuwa umekaribia H. Dakika hiyo hiyo mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti.

Mume wangu alipata mahali palipotanuka kidogo, akasimama. Akafungua boneti, akachukua taulo la mtoto, akalifunika kwenye kifuniko cha rejeta na kuanza kukizungusha. Mkubwa wetu alikuwa amesimama bega kwa bega naye, chupa ya maji mkononi, tayari kusaidia.

Nilimwita mtoto kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi. Akageuka, akapiga hatua moja kuja kwangu. Kifuniko kikaruka. Maji ya kutu yanayochemka yakapanda juu kama bomba lililopasuka, na mkono wa kulia wa mume wangu ukaungua kuanzia kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko. Pale mtoto alipokuwa amesimama palilowa chote.

Tulimmwagia maji ya kunywa, chupa moja baada ya nyingine, mpaka yakaisha. Dereva mmoja wa lori, mtu mwema sana, alisimama akatupa dawa ya meno tumpake. Tukampaka. Usiku ule nesi wa Iringa alitumia muda mrefu kuiondoa ile dawa ya meno, huku mume wangu akiuma meno, akatuambia jambo ambalo naliandika hapa kwa ajili ya kila mzazi: mtu akiungua, mwagieni maji safi yanayotiririka, ya kawaida, dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya kula, yai na asali havifai. Halafu mpelekeni hospitali.

Alipona. Kovu lipo.

Kitu ambacho hakikuwapo

Siku iliyofuata fundi wa Iringa alifungua sehemu inayokaa thamostati akakuta pako patupu. Nikakumbuka. Miaka kadhaa nyuma fundi mmoja wa Dar alitutolea akisema, "Hii ya nchi za baridi, mama. Huku kwetu joto, haina kazi." Tulimlipa na kumshukuru.

Wengi wetu tumeambiwa maneno hayo. Yanaingia akilini, lakini si kweli. Injini ina joto lake inalolitaka, lisilohusiana na joto la nje. Thamostati ya gari letu hufunguka kwenye nyuzi 82. Kabla ya hapo inayazuia maji ya rejeta ili injini ipate moto haraka, maana injini inayotembea ikiwa baridi hunywa mafuta zaidi na kusagika mapema.

Tena kwenye injini kama yetu thamostati ina milango miwili. Mkubwa unapofunguka kuruhusu maji ya rejeta yaingie, mdogo ulio nyuma yake huziba njia ya mkato ambayo maji hupitia yakizunguka ndani ya injini peke yake. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji hairudi kupoa. Kwenye foleni ya Ubungo unaweza usijue. Kwenye mlima utajua.

Kulikuwa na mengine mawili. Tulikuwa tunatumia maji ya bomba badala ya kulanti, na rejeta ilijaa kutu. Na mpira wa ndani ya kifuniko cha rejeta ulikuwa umekauka na kupasuka. Kile kifuniko kazi yake ni zaidi ya kufunika. Chetu kimeandikwa 0.9, maana yake kinashikilia mgandamizo ndani ya rejeta mpaka kiasi hicho, na maji yaliyogandamizwa hivyo hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Kifuniko kikichoka, maji yanachemka mapema, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo yanavyochemka mapema zaidi. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Tulirudi Dar kwa kusafiri alfajiri kukiwa na ubaridi, tukisimama kila mara. Mwaka mzima gari likawa la kwenda sokoni na kanisani. Desemba nyingine ilipokaribia mume wangu akasema, "Tuliuze." Nikamwuliza tutanunua nini kwa hela hiyo, na Januari ada ya watoto wawili inatusubiri. Hakujibu. Bibi alikuwa anapiga simu kila wiki kuuliza wajukuu wanafika lini.

Mimi ni mtoto wa dereva wa lori. Nimekua nikimshikia baba tochi na kumpa spana kwa namba. Nikasema mipira, kifuniko na thamostati nitabadilisha mwenyewe, hapa hapa nyumbani.

Mitaa ya Gerezani

Nilipanda mwendokasi Kimara. Magomeni, Jangwani, Fire, Msimbazi, halafu Gerezani. Ukishuka tu unasikia: vyuma vinagongwa, matoroli yanapiga honi kwa midomo, na vijana wanakuuliza kabla hujavuka barabara, "Spea gani, dada? Gari gani?"

Mbele ya maduka zimening'inia bampa, taa na vioo vya pembeni kama nguo za mnadani. Ndani maboksi yamepangwa mpaka darini, na muuzaji anajua kila boksi lilipo bila kuandika popote. Nyuma yake kuna mitaa ya vitu vilivyotumika, injini nzima zimekaa chini zikiwa na vumbi la Japani bado.

Sheria ya kwanza ya Gerezani ni kwenda na kifaa cha zamani mkononi, uwe nacho kama sampuli. Mimi sampuli sikuwa nayo, kwa sababu kifaa chenyewe kilishatupwa. Nilikuwa nimepiga picha kibati kilichopo chini ya boneti, kile kinachoonyesha namba ya chesesi na aina ya injini. Kwetu kinasema AE110, na injini ni 5A. Kwa Corolla hili ni jambo muhimu, maana magari mawili yanayofanana kwa nje yanaweza kuwa na injini mbili tofauti.

Muuzaji wa kwanza aliangalia picha, akaniangalia mimi. "Fundi wako yuko wapi, mama? Mpe simu niongee naye."

"Fundi ni mimi."

Akacheka. Halafu akaona sicheki, akatoa thamostati mbili akaziweka mezani. Moja aliita orijino, elfu 35. Nyingine aliita "nzuri tu," elfu 12. Niliziangalia kama baba alivyonifundisha kuangalia kitu cha chuma: namba 82 imegongwa vizuri au imechapwa kwa rangi, spring ina nguvu au inalegea, mlango umekaa sawa au una mwanya. Ile ya bei rahisi niliiinua kuelekea mwanga nikaona mwanga unapita pembeni mwa mlango uliofungwa. Nikairudisha.

"Hiyo orijino niwekee elfu 25."

"Dada, hapo unaniumiza."

"Mwaka jana niliumizwa zaidi."

Tulikubaliana elfu 28, na mpira wake wa kuzungushia juu. Kwenye duka la jirani nikachukua kifuniko cha 0.9, mipira miwili ya rejeta, wa juu na wa chini, klipu nne mpya na galoni la kulanti. Kila mpira niliupinda mkononi kuona kama una nyufa, maana mpira uliokaa dukani miaka mingi nao huzeeka.

Vitu vilivyotumika sivikatai. Kioo cha pembeni, kitasa cha mlango, hata bampa, nitanunua cha mtumba bila wasiwasi. Lakini thamostati, mipira na kifuniko nanunua vipya. Ni vitu vya bei ndogo vinavyobeba maisha ya injini nzima.

Jumapili uani

Kabla ya kufunga thamostati mpya nilitaka kuiona ikifanya kazi. Nilichukua kopo tupu la maziwa, maana sufuria yangu ya kupikia haiingizwi kitu cha gari. Nikaijaza maji, nikaifunga thamostati kwa uzi na kuining'iniza ndani, nikaweka kopo jikoni. Watoto wote wawili wakavuta viti, lakini kwa umbali niliowachorea kwa chaki sakafuni.

Kwa dakika kadhaa hakuna kilichotokea. Mapovu madogo yakaanza kupanda, maji hayajachemka bado, na mlango wa thamostati ukaanza kusogea. Ukafunguka polepole, kama jicho la mtu anayeamka. "Nani anaufungua?" mdogo akauliza. Nikamweleza kuna nta ndani, ikipata moto inatanuka na kusukuma. Nilipoitoa ikapoa, ikajifunga yenyewe. Mkubwa akaomba turudie, tukarudia mara tatu.

Kama haifunguki, au inabaki wazi ikipoa, unairudisha dukani. Jaribio hili ni la dakika kumi.

Gari lilikuwa limelala usiku kucha, injini baridi kabisa. Hapo ndipo panapoanzia kila kitu, na nilimwacha mkubwa wetu aweke kiganja chake mwenyewe kwenye rejeta ahakikishe. Nikamwambia: "Kifuniko hiki kinafunguliwa hivi, kikiwa baridi hivi. Kikiwa na moto hakifunguliwi na mtu yeyote, hata baba, hata fundi." Mume wangu alikuwa amekaa kibarazani. Alisikia, akaitikia kwa kichwa.

Nilifungua kifuniko, nikaweka beseni chini ya rejeta na kulegeza koki ya chini. Yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa kwenye chupa siku mbili. Nikasafisha kwa maji safi mpaka yakatoka meupe. Sijapata kuona beseni likitoa siri nyingi namna hiyo.

Mpira wa juu uligoma kutoka. Ni hapa watu huvunja rejeta, kwa sababu shingo yake ni ya plastiki, na plastiki ya miaka zaidi ya 20 hukatika kama biskuti. Usiuvute. Uzungushe kwanza kulia na kushoto mpaka uachie. Ukikataa kabisa, uchane kwa kisu kwa urefu wake, si unaubadilisha? Nilipouchana nikaona ndani umelainika na kuvimba, na mpira wa chini ulikuwa na hali mbaya zaidi.

Kuipata nyumba ya thamostati ni rahisi: fuata mpira wa chini wa rejeta mpaka unapogusana na injini. Kuna mfuniko wa chuma wenye nati mbili. Niliufungua, na ndani hamkuwa na kitu isipokuwa silikoni iliyogandamana, iliyopakwa na yule fundi wetu wa Dar kuzuia uvujaji. Niliikwangua kwa uangalifu mpaka chuma kikang'aa. Thamostati ikavaa mpira wake pembeni, ikaingia mahali pake. Ina kishimo kidogo chenye kipini kinachocheza. Hicho kikae juu, ndipo hewa ipite. Nati hukazwa kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, bila kutumia nguvu za kushindana.

Mkubwa alikuwa ananipa spana. Nilipomwambia "kumi" akanipa kumi na mbili mara mbili, ya tatu akawa anapatia. Mdogo kazi yake ilikuwa kuhesabu nati kwenye sahani na kulinda kuku wasiziguse.

Kulanti ilikuwa ya kuchanganya, nusu kwa nusu na maji. Sikutumia maji ya kisima chetu kwa sababu yana chumvi, na chumvi inakula chuma. Nikatumia maji ya kunywa ya dukani. Nilimimina polepole, nikawasha injini kifuniko kikiwa wazi, watoto wakiwa mbali, nikafungulia hita ya ndani mpaka mwisho. Hita hiyo hupitisha maji kwenye rejeta ndogo iliyo ndani ya dashibodi, na hewa iliyobanwa hupata njia ya kutoka. Mapovu yalitoka, maji yakashuka, nikaongeza. Mpira wa juu ulipopata moto nikajua thamostati imefunguka. Nikazima, nikaacha ipoe, nikajazia na kufunga kifuniko kipya.

Neno moja kwa mzazi kuhusu kulanti. Ina rangi ya kupendeza kama juisi, aina nyingi zina utamu mdomoni, na ni sumu kali kwa mtoto, mbwa na paka. Usiiweke kwenye chupa ya soda wala ya maji, hata kwa dakika tano. Niliyobakiza nimeifungia stoo, juu. Maji machafu ya rejeta niliyaweka kwenye galoni lenye alama, nikayapeleka gereji wanakokusanya oili chafu. Sikuyamwaga mtaroni.

Tone la kijani

Jumatatu asubuhi mkubwa wetu alikuwa amevaa sare tayari kwa mtihani wa mwisho wa muhula. Akainama chini ya gari, akarudi mbio. "Mama, kuna tone la kijani."

Lilikuwa moja tu, ukubwa wa shilingi. Kwa miaka yote maji yetu ya kutu yalikuwa yakidondoka na kukauka bila kuonekana, lakini kulanti mpya ina rangi. Nilichukua tochi nikafuata alama: mipira mikavu, klipu kavu, thamostati kavu. Ilikuwa pampu ya maji. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi, na sili ya ndani ikichoka maji hutokea hapo ili mwenye gari ajue. Nikashika puli, ikacheza.

Hapo nilisimama. Kwenye injini hii, kuifikia pampu inabidi ufungue makava yanayoficha mkanda wa taimingi, ule unaofungamanisha mzunguko wa chini wa injini na wa juu. Ukikosea alama zake kwa jino moja tu, gari halitembei vizuri au haliwaki kabisa. Tena sikuwa na kumbukumbu ya mkanda ule ulibadilishwa lini. Zilikuwa zimebaki siku nane kabla ya safari. Najua spana, lakini najua pia kazi ninayoweza kujifunzia na kazi ninayosafiria na watoto.

Nilimwita fundi mzee wa mtaa wa pili, ambaye huwa hapendi kuongea. Nilimwomba aje nyumbani, afanyie chini ya mwembe wetu, na mimi niwepo. Nikarudi Gerezani, safari hii na simu mfukoni, nikanunua pampu, gasketi yake, mkanda wa taimingi na roli yake. Kwa kuwa kava linafunguliwa mara moja, haikuwa na maana kurudisha mkanda wa zamani.

Aliinua gari kwa jeki, halafu akaweka stendi mbili za chuma kabla hajaingiza hata mkono. Nilimwonyesha mkubwa wangu hilo. Jeki ni ya kuinulia. Haibebi gari lenye mtu chini yake. Alipofungua, mkanda ulikuwa na nyufa kila baada ya jino. Aliuinua juu ya jua bila kusema neno, akanipa niushike.

Alimaliza saa kumi jioni. Aliponywa chai aliuliza nani alifunga ile thamostati. Nikamwambia. Akaitikia, "Haina tatizo." Kwa mtu yule, hiyo ni hotuba.

Asubuhi saba mfululizo mkubwa wetu aliinama chini ya gari kabla ya kupiga mswaki. Pakavu.

Kupanda tena

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Safari hii kulikuwa na utaratibu. Kila tulipopumzika mtoto mmoja alitazama chini ya gari kama kuna tone, na mmoja aliangalia chupa ya akiba ya kulanti, maji yapo kati ya mstari wa chini na wa juu au la. Chupa hiyo unaiangalia kwa macho tu bila kugusa kifuniko cha rejeta.

Nyuma tulibeba maji lita kumi, galoni dogo la kulanti na pembetatu zetu mbili. Na tulikubaliana kwa sauti, kama familia: mshale ukipita nusu, tunazima AC na kufungulia hita, hata kama tutaungua sote humo ndani, maana hita inaipunguzia injini joto. Ukizidi kupanda, tunasimama mahali salama na kuzima. Watoto wanashuka upande usio na magari na kukaa mbali na barabara. Boneti inaweza kufunguliwa. Kifuniko hakiguswi mpaka uweze kushika mpira wa juu kwa mkono bila kuunguzwa, hata kama ni saa nzima.

Ruaha Mbuyuni tulifika saa sita. Tulipumzika nusu saa chini ya mbuyu, tukanunua vitunguu, tukaangalia kila kitu. Mume wangu akanipa ufunguo. "Panda wewe," akasema.

Nilizima AC kabla ya kona ya kwanza na kushusha vioo. Mbele yetu lori la makontena, mwendo wa kinyonga, gia ya pili, mara ya kwanza. Mdogo alikuwa amepewa kazi ya kutangaza mshale. "Nusu," alisema. Kona. "Nusu." Kona nyingine. "Nusu, na kidogo." Kimya kikaingia garini. Nikaongeza nafasi kati yetu na lori ili upepo ufike kwenye rejeta. Feni ikasikika ikiingia kazini.

"Nusu," akatangaza mdogo.

Tulipita mahali petu. Ni sehemu ndogo tu ya changarawe, mtu mwingine hawezi hata kuiona. Mume wangu aliitazama, akashusha mkono wa shati lake juu ya kovu, akaendelea kumenya chungwa la mtoto. Mkubwa naye alikuwa anatazama nje. Hakuna aliyesema kitu, na sikutaka tuseme.

Juu hewa ikabadilika, kama inavyobadilika siku zote ukimaliza Kitonga. Ilula tukasimama kununua nyanya. Nilifungua boneti na kusikiliza. Injini ilikuwa inanguruma tu, kavu, haina mvuke wala harufu.

Tulifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama alikuwa amesimama getini na kanga mbili, shangazi wawili nyuma yake, wale wale wa mchango wa dhamana. Watoto waliruka nje kabla sijavuta breki ya mkono. Mama alinitazama, akaona mikono yangu, ambayo bado ilikuwa na weusi wa oili kwenye kucha.

"Kamwene, mfungwa," akasema. "Wamekutoa lini?"